Kufunga kalipa za Hilux kwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972: je, breki zitaaminika?

Mwenye Z, Mikindani

Wakuu, habari za wakati huu. Ninafufua Datsun 240Z iliyokaa bandani kwa miaka mingi huku Mikindani, na wote mnajua hewa ya bahari inavyokula chuma. Injini imekubali, bodi inatengenezeka, lakini breki ndizo zinazoninyima usingizi. Kalipa zote mbili za mbele, yaani vile vishikio vinavyobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimeganda, na fundi alipofanikiwa kutoa pistoni tulikuta uso wake una vishimo vya kutu pale pale inapopita sili. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, nayo inavujia upande wa busta, kile chombo kinachouongezea mguu nguvu, na mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari yanamomonyoka ukiyakwaruza kwa kucha.

Nimepewa ushauri wa aina mbili. Fundi wa kwanza anasema nitafute kalipa za Toyota Hilux ya zamani, kwa kuwa spea zake zipo kila mahali na matundu ya boliti yanalingana. Fundi wa pili anasema kalipa zangu zinatosha: pistoni zisuguliwe kwa msasa, kisha tuchukue pedi za gari lolote lenye umbo la kukaribiana na kuzikata mpaka ziingie. Kalipa mpya za kuagiza Japani, ukijumlisha usafiri na ushuru, zimenizidi uwezo kwa sasa.

Gari hili nataka kuliendesha kweli, ikiwemo kupanda Newala na kushuka upande wa Masasi, si kuliweka sebuleni. Naomba mnieleze kama spea mbadala zinafaa, na kama zinafaa ni kwa masharti gani.

Fundi wa Masasi

Mkuu, nianze na la msasa, kwa sababu ndilo linaloweza kukuua. Pistoni hizo zina ngozi nyembamba ya kromu, na ukishaiondoa kwa msasa chuma kinabaki uchi, kwa hiyo baada ya masika moja kutu inarudi na sili inaanza kuchanwa kila unapokanyaga breki. Pedi za kukata kwa msumeno ni vivyo hivyo. Kingo za bamba la pedi ndizo zinazopokea nguvu yote ya tairi linaposimamishwa. Zikikaa kwa kulegea zitagonga, zikikaa kwa kubana zitakwama, na gari litavuta upande mmoja. Huyo fundi wa pili mshukuru kwa chai, kazi mpe mwingine.

Ushauri wa Hilux ni wa kweli na unajulikana duniani kote kwa wenye Z. Ila "kalipa ya Hilux" si jina la kitu kimoja. Inayokufaa ni ile ya pistoni nne kutoka Hilux ya kuvuta tairi zote za miaka ya mwanzo ya themanini, yenye alama S12+8 kwenye mwili wake. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya diski nyembamba isiyo na matundu ya hewa katikati, na diski ya 240Z ni ya aina hiyo hiyo: ikiwa mpya ina unene wa milimita 12.5, na kikomo chake ni milimita 10.5. Kalipa ya S12W inafanana nayo mno machoni, lakini ni ya diski nene yenye matundu. Muuzaji wa spea wa Gerezani, Dar, atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake na kukuambia zote ni sawa.

Uifunge S12W kwenye diski yako nyembamba, nayo itaingia vizuri tu, boliti zitakaza, pedeli itapanda, utaondoka gereji ukiwa na furaha. Tatizo linakuja pedi zinapoisha. Kwa kuwa nafasi ya katikati ni pana kuliko diski, pistoni zinatoka nje zaidi ya zilivyokusudiwa, na siku moja zinakaribia kuchomoka kwenye sili zake, ambapo mafuta yote ya mzunguko wa mbele yanamwagika kwa mkanyago mmoja. Kwa hiyo nenda dukani na kipimo cha venia cha kupimia unene, usiende na macho peke yake.

Mengine ni ya kawaida: kile kibati cha kinga nyuma ya diski kitabidi kikatwe kidogo, na kibomba kifupi cha kuingia kwenye kalipa kitengenezwe upya. Kabla ya kuweka mafuta, valisha rimu na uizungushe kwa mkono, kwa sababu kalipa hii ni nene na si kila rimu ya inchi 14 itaipisha.

Mpenda Asili

Ndugu Mwenye Z, sina ugomvi na fundi, lakini naona mmewahi kuvuka mto kabla ya kutazama daraja lililopo. Katika kalipa yako ya asili, sili hukaa kwenye mfereji ndani ya silinda na kusuguana na uso wa pistoni. Maana yake ni kwamba vishimo kwenye pistoni ni msiba, lakini kutu kidogo kwenye ukuta wa silinda, nje ya mfereji, husafishika. Ukipata pistoni nne mpya na seti ya raba, ukasafisha mifereji kwa uangalifu, unarudisha kalipa zile zile zilizotoka kiwandani kwa sehemu ndogo ya gharama uliyotajiwa. Bahasha yenye pistoni na raba haina mzigo wa usafiri kama kalipa nzima.

Nasisitiza hivyo kwa sababu gari lenyewe lina heshima yake katika ukanda huu. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta akashinda nayo tena mwaka 1973. Mwenye gari kama hilo asiharakishe kulichanganya na pikapu.

Mhandisi, Lindi

Kaka zangu, hoja zenu zote mbili zina uzito, lakini naona mnazungumzia kalipa kana kwamba inafanya kazi peke yake. Breki ni mfumo mmoja wa mafuta, na ukibadilisha kipande kimoja umebadilisha hesabu ya mfumo mzima.

Tuchukue masta silinda, ambayo kwa vyovyote ni mbovu na itanunuliwa. Ya asili ina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Wengi wanaofunga kalipa za pistoni nne huchukua ya inchi 15/16, yaani milimita 23.8, inayotoka kwenye Datsun 280ZX, kwa sababu kalipa kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi na pedeli huanza kuzama. Tofauti ya milimita moja na nusu inaonekana ndogo, lakini eneo la pistoni hukua kwa mraba wa kipenyo: linaongezeka kwa takriban asilimia 15. Pedeli itakuwa fupi na ngumu, na mguu utadaiwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho ili kupata shinikizo lile lile. Busta ikiwa nzima hutasikia sana; busta ikiwa imechoka, kama ninavyoshuku kwa kuwa mafuta yamekuwa yakivujia ndani yake, utasikia mno. Ipime kwanza: zima injini, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Isiposhuka kidogo chini ya mguu wako, busta haifanyi kazi.

Pia mbele kukiwa na nguvu zaidi, nyuma hakubadiliki, kwa hiyo usije ukaacha ngoma za nyuma katika hali zilizokutwa. Zile ni za alumini zenye pete ya chuma ndani, na wili silinda zake, zile silinda ndogo zinazosukuma viatu vya breki, huganda kama kalipa zilivyoganda. Nikuombe jambo moja: usipulize vumbi la ngoma kwa kompresa. Viatu vya breki vya miaka ya sabini mara nyingi vilikuwa na asbesto, na vumbi hilo halitakiwi mapafuni mwa fundi wala mwa watoto wanaocheza karibu na gereji. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa, tupa kitambaa.

Kuhusu mafuta ya breki, tumia ya daraja la DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya aina hii hufyonza maji kutoka hewani, na hewa ya Mtwara unaijua. Yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanywa maji kiwango huweza kushuka hadi 155, na mteremko wa Newala hauhitaji mengi zaidi ya hapo kuyageuza mvuke. Vipuri vya ndani visioshwe kwa petroli wala dizeli, maana raba zake huvimba. Viosheni kwa mafuta ya breki yenyewe.

Mwenye Z, Mikindani

Nawashukuru sana. Nimeamua kuagiza pistoni na raba na kubaki na kalipa za asili pamoja na masta silinda ya kipenyo cha awali, ili nisiingie kwenye hesabu za dada Mhandisi kabla gari halijatembea. Wazo la S12+8 nitaliweka akiba. Limebaki swali la mabomba: fundi amepata bomba la shaba safi la friji na anasema linakunjika vizuri. Nilikubali?

Fundi wa Masasi

Hapana, mkuu. Shaba tupu huchoka kwa mtetemo na kupasuka bila taarifa. Tafuta bomba la chuma la breki la milimita 4.76, au lile la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambalo kwa chumvi ya pwani ni bora zaidi. Mdomo wake ukunjwe mara mbili. Mkunjo mmoja hupasuka. Nati za Datsun ni milimita 10 zenye uzi wa 1.0, kwa hiyo usilazimishe nati ya gari la Kiingereza hata kama imeanza kuingia.

Na mnapofunga kalipa, hakikisheni nipeli ya kutolea upepo imetazama juu. Mkibadilisha ya kulia na ya kushoto zitafunga bila shida, lakini upepo utabaki juu ya kalipa na mtapampu hadi Magharibi pedeli ikiwa bado laini. Majaribio ya kwanza fanyeni barabara tambarare alfajiri, kabla malori ya saruji hayajaanza kupita: teremsha mwendo toka 60 hadi 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, acha diski zipoe, kisha angalia kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu. Karatasi ikilowa mahali popote, Newala isubiri.