Mstari wa 3.5 keV: uliishia wapi?

Kereng'ende: Wakuu, nisaidieni. Mwaka 2014 kundi la Esra Bulbul lilijumlisha eksirei za vishada 73 vya galaksi, likaona mstari hafifu (mng'ao wa ziada kwenye nishati moja) karibu na 3.5 keV, kipimo cha nishati ya eksirei. Kundi la Alexey Boyarsky nalo likauona kwenye galaksi ya Andromeda na kishada cha Perseus. Wakasema huenda ni maada ya giza, ile isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu. Siku hizi kila ninaposoma naambiwa hakuna kitu. Umeyeyukaje?

Msoma Spektra: Ndugu, anza na dai lenyewe. Nyutrino tasa, chembe inayodhaniwa tu kuwa ndiyo maada ya giza, ikioza hutoa fotoni yenye nusu ya nishati ya uzito wake, kwa hiyo 3.5 keV inadai chembe ya 7 keV. Hesabu inavutia, na mimi vitu vya kuvutia hivyo huviogopa.

Shida ni mahali ulipoonekana. Vishada vimejaa gesi ya joto la mamilioni ya nyuzi, nayo inatoa eksirei zake. Potasiamu iliyobakiwa na elektroni mbili ina mistari hapo hapo. Kamera za darubini ya eksirei XMM-Newton hutanua kila mstari kwa takribani 100 eV (keV moja ni eV 1,000), basi majirani wote wanaonekana mtu mmoja. Ukikadiria potasiamu kidogo kuliko iliyopo, unabaki na "chembe mpya".

Ndiyo maana mimi napenda Draco: galaksi kibete, maada ya giza tele, gesi ya moto karibu hakuna. XMM-Newton iliitazama kwa takribani sekunde milioni 1.4. Jeltema na Profumo wakasema dai limekufa. Kundi lililokuwa na Boyarsky likasema bado linapumua. Data zilezile! Hapo ujue tunabishana kuhusu namna ya kuchora mandharinyuma (eksirei na kelele za kawaida chini ya mstari), si kuhusu anga.

Bintinyota: Usisahau setilaiti ya eksirei Hitomi. Ilirushwa Februari 2016, ikapotea mwezi uliofuata, lakini ilishaitazama Perseus kwa kipimo kinachotenganisha mistari hadi takribani 5 eV. Mstari mkali uliodaiwa pale haukuwepo.

Kereng'ende: Na ile kazi ya 2020 ya anga tupu?

Msoma Spektra: Dessert, Rodd na Safdi. Wazo zuri: sisi wenyewe tumo ndani ya maada ya giza ya Njia ya Maziwa, kwa hiyo popote utakapoelekeza darubini mstari ungepaswa kuwepo. Hawakuuona. Wapinzani walilalamika kwamba dirisha la nishati lilikuwa jembamba mno, na mistari ya jirani haikuwekwa kwenye modeli. Lalamiko lina uzito, ila halirudishi mstari.

Bintinyota: Setilaiti ya eksirei XRISM je? Iko juu tangu Septemba 2023.

Msoma Spektra: Kipimo chake ni kama cha Hitomi, lakini uwanja wa kuona ni dakika-tao 3 tu, yaani sehemu moja ya ishirini ya digrii. Fotoni za maada ya giza zitaingia kwa kudondoka. Itabidi wajumlishe vishada vingi kwa miaka. Nikiona mstari mwembamba usioangukia atomu yoyote, na wenye upana unaolingana na mwendo wa maada ya giza badala ya wa gesi, hapo nitakaa kitako.