Sainasi: nyungu ya mikaratusi inasaidia kweli?

Wakuu, baridi ya Lushoto imeniziba pua, paji la uso linagonga. Mama mkwe ananipigisha nyungu ya mikaratusi na mchaichai. Nikitoka chini ya blanketi napumua vizuri, usiku inaziba tena. Kuna ushahidi?

— Pole sana dada. Utafiti wa Uingereza wa 2016 ulipima mvuke na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi yalisaidia kiasi. Mvuke ulipunguza kichwa kuuma tu. Chemsha maji, yapoe, ndipo usafishe. Na watoto wasisogelee sufuria, tafadhali, wanaungua vibaya!

— Mikaratusi ina sineoli, kemikali iliyo kwenye mafuta yake. Ujerumani, 2004, vidonge vyake vilipunguza dalili za sainasi. Ila hivyo vina kipimo. Mafuta ya mikaratusi usinywe kabisa, ni sumu.