Mwana anaingia miezi sita: unga wa lishe, kopo la dukani au chakula cha chunguni?

mama_wa_fuoni (Jumapili, saa 3 usiku)

Asalaam alaykum jamani. Mwanangu wa kwanza huyu, wa kiume, wiki ijayo inshaallah anatimiza miezi sita na alhamdulillah mpaka leo hajatia kitu mdomoni zaidi ya ziwa na matone ya chanjo. Sasa ndo vita vimeanza nyumbani. Nna njia tatu mbele yangu na kila moja ina mtu wake anaeipigia debe, nataka waliojaribu waniambie ukweli.

Ya kwanza unga wa lishe wa kusagisha. Wifi yangu ana orodha kwenye simu, mahindi mchele ulezi mtama uwele ngano soya karanga choroko mbegu za maboga na dagaa juu yake, anasema unapeleka mashineni Mwanakwerekwe wanakusagia vyote pamoja unakaa nao miezi miwili huna habari. Ya pili siriali ya kopo, hio anaitaka mume wangu, anasema mle ndani kila kitu kishatiwa, unakoroga na maji ya moto basi, na mie narudi kazini mwezi ujao kwa hivo kwa dada atakaekaa nae itakuwa rahisi. Ila bei! Kopo moja nikipiga hesabu napata kilo mbili za mchele na chenji ya mbogamboga, na mtoto atalimaliza ndani ya wiki.

Ya tatu mkwe wangu. Yeye anazicheka zote mbili, anasema nyinyi watoto wa siku hizi mnajisumbua, mtoto anakula kinachopikwa, unampondea. Lakini huyo huyo tangu mtoto ana miezi mitatu ananambia nimpe uji mwepesi wa sembe kwa chupa maana "ziwa halimtoshi, husikii anavolia", nlikataa na mpaka leo kaninunia kidogo. Nipeni mawazo ila kwa adabu tafadhali, mkwe wangu nampenda.

toka_bara

Mimi wa Morogoro nimeolewa huku Bububu mwaka wa nne sasa, na kwa unga wa lishe hunitoi. Wangu nilimsagishia aina kumi na mbili, alinawiri mpaka majirani wakawa wananiuliza nampa nini. Kopo ni hela ya bure. Na hicho cha chunguni samahani lakini nishaona mtoto wa miezi saba analishwa boflo lililochovywa kwenye chai ya rangi halafu mtu anakwambia anakula chakula cha nyumbani.

BabaMapacha

Nitetee kopo kidogo maana naona litapigwa mawe. Sisi tulikuwa na wawili kwa mpigo, mama yao hoi, mie nakoroga siriali usiku na kiherehere chote. Sio sumu, na nyingi zimeongezwa madini ya chuma ambayo uji wetu mtupu hauna. Tukisafiri na boti kwenda Pemba ndo ilikuwa mkombozi wetu, hupiki, huhangaiki.

Lakini nikwambie mawili yalotukuta. La kwanza sukari, geuza kopo usome nyuma, ile tulokuwa tunanunua sukari ilikuwa imeandikwa pale pale juu juu kwenye orodha, watoto wakazoea utamu, siku tukiwapikia viazi wanatutazama kama tumewatukana. Tulihangaika mwezi mzima kuwarudisha. La pili kwa vile ni ghali basi mtu anabania. Msichana wetu wa kazi alikuwa anatia kijiko kimoja penye vijiko vinne ili kopo lifike mwisho wa mwezi, hana kosa, alikuwa anatuonea huruma, kumbe watoto wanakunywa maji meupe yenye harufu ya maziwa. Uzito ulisimama. Kwa hivo kama utaondoka nyumbani asubuhi mpaka jioni hilo ulifikirie, kopo linataka mtu wa kulipima.

nesi_wa_zamani

Bibie wa Fuoni hongera kwanza, miezi sita ya ziwa tupu na mkwe pembeni ana chupa si kazi ndogo. Nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi na hili suala la unga nimelisikia kila wiki kwa hivo nivumilie nitaandika refu.

Mdogo wangu toka_bara, wingi wa aina kwenye unga hauna maajabu. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, ngano, wote hao ni jamaa moja, ni nafaka, kuchanganya sita ni kama kuvaa kanga sita ukasema umebadilisha nguo. Chukua nafaka moja, zikizidi mbili, utie na jamii ya kunde moja, imetosha. Faida nyengine ni kwamba mtoto akitoka vipele au akaharisha unajua umkamate nani, ukiwa na vitu kumi na mbili humjui mwizi.

Soya msiisagishe mbichi! Inachemshwa kwanza, inaanikwa, inakaangwa ndo inasagwa, mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisiitumie ile protini yenyewe na mtoto anajaa gesi. Karanga na mahindi nazo chagueni moja moja, ilokunjana, ilobadilika rangi au ina ukungu itupe, usiseme moto utaua. Sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu, haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu hio hio ya mahindi. Na huku kwetu ambako hata chumvi inalia maji kabatini, unga wenye karanga na dagaa kuuweka miezi miwili ni kutafuta balaa, mafuta yanachacha. Saga wa wiki mbili. Dagaa wasage mbali, wakatwe vichwa, waoshwe mchanga, wakaushwe, wakae kwenye kopo lao na utie kijiko wakati uji unachemka.

Sasa uzito wa uji, hapa ndo wengi tunapopotea. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama mililita 240 tu, kikombe kimoja, ukilijaza maji atashiba na hana alichokula. Uji ukiuinamisha kwenye kijiko usimwagike kama chai, ukae. Ukiwa mzito sana kumeza kuna hila ya kimea: ulezi unauroweka usiku kucha, unauchuja na kuufunika kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu ukachipua, unauanika ukauke kabisa, unaupukuta vile vichipukizi na kuusaga. Kijiko kimoja cha chai ukikitia kwenye uji mzito ulopoa kidogo, unauona unalainika mbele ya macho yako wala hujaongeza tone la maji, halafu unaurudisha jikoni uchemke tena.

Jengine ni chuma. Akiba alozaliwa nayo mtoto inaanza kuisha miezi sita hii hii na ziwa peke yake halifidii. Uji wa nafaka tupu haumsaidii sana, anataka samaki, maini, yai, nyama ilosagwa. Na chai aloitaja mwenzetu ni kweli inazuia chuma kisiingie mwilini, hapo toka_bara sikupingi.

Akitimiza miezi sita mpeleke kliniki apate matone ya vitamini A na muangalie mstari kwenye kadi. Mwanzo mara mbili tatu kwa siku vijiko viwili vitatu, akifika miezi tisa mara tatu nne na kitu cha kutafuna katikati, na ziwa liendelee, Qurani imesema miaka miwili kamili kwa anaetaka kutimiza, msimlikize mapema.

toka_bara

Sawa dada nesi nimekubali kwenye kanga sita 😂 ila wangu alinawiri, hilo msinipokonye.

mpemba_wa_konde

Miye nna watoto watano na wote wamekulia mseto. Nyinyi wa mjini mnazungumza mashine na makopo mseto mmeusahau? Mkwe wako mama wa Fuoni anasema kweli, tatizo lake ni hicho kiuji cha chupa tu.

Sikiliza. Mchele konzi mbili, choroko zilopaazwa na kuondolewa maganda konzi moja, osha, tia maji mengi na uchemshe mpaka vivurugike visijulikane huyu nani huyu nani. Tia tui zito kidogo la nazi mwisho, hilo ndo mafuta yake. Chukua kipande cha samaki ulomchemsha chukuchuku bila pilipili wala chumvi, kibua au changu, umpekue kwa vidole viwili polepole mara mbili mara tatu, vidole ndo macho ya miba, usiamini blenda. Tasi muache ale baba yake, miba yake midogo khatari. Umponde na mseto kwa mwiko basi. Siku nyengine weka boga, siku nyengine mchicha ulokatwa mdogo mdogo ukaiva vizuri, siku nyengine shelisheli lilochemshwa likapondwa na tui, wangu wa tatu hilo alikuwa akiliona anapiga mikono.

Chumvi usitie. Mpakulie wa mtoto kwanza ndo utie chumvi ya wakubwa. Ndizi mbivu na papai havitaki hata moto. Embe vile vile msimu ukifika.

ukwaju

Mie nauliza hapo hapo, bibi yangu anasema mtoto akianza kula umlambishe asali kidogo kifua kisimbane, na asali yenyewe ya nyuki wadogo tumeletewa safi kabisa. Vipi?

nesi_wa_zamani

Kabla ya mwaka mmoja asali hapana, hata iwe safi vipi. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa linavishinda la mchanga haliviwezi, vinamlegeza viungo mpaka pumzi. Mwambie bibi asali ni dawa ila huyu bado hajafika umri wake, iweke kabatini haiozi. Maziwa ya ng'ombe nayo kutia kidogo kwenye chakula sawa, lakini kuyafanya ndo kinywaji chake badala ya ziwa subiri mwaka.

mwalimu_skuli

Niongeze la walio kazini kwa sababu mie ndo nlioungua. Nilikuwa napika uji alfajiri natia kwenye chupa ya chai namuachia dada mpaka saa nane mchana, nikijisifu mwanangu anakula moto moto. Ule uvuguvugu ndo nyumba ya wadudu jamani, hasa kaskazi joto lote lile. Akaharisha siku nne, macho yakaingia ndani, tukaishia spitali na ORS na zinki. Tangu siku hio nimeacha unga mkavu umeshapimwa kwenye vikopo vidogo, kila mlo kikopo chake, dada anapika wakati ule ule dakika kumi na zilobaki anamwaga. Na chupa ya kunyonyea nimetupa, kikombe na kijiko, maana ile chuchu yake huisafishi hata ufanyeje.

Mseto wa mpemba naupenda lakini kwa mie wa kutoka saa kumi na mbili asubuhi naupika usiku tu, mchana ni uji wa ulezi na dagaa. Tusidanganyane, kila chakula na nani yuko jikoni.

BabaMapacha

Umenena mwalimu. Na yai? Kwetu walikuwa wanasema yai mpaka mwaka, karanga mpaka miaka miwili.

nesi_wa_zamani

Zamani tukisema hivo hata sisi, siku hizi hatusemi. Yai lilowiva sawasawa, samaki, siagi ya karanga laini ndani ya uji, vyote kuanzia miezi sita, kidogo kidogo na kimoja kimoja umuangalie siku mbili tatu. Karanga nzima ndo hapana mpaka awe mkubwa, inamkaba. Zabibu na mbegu za furu vile vile.

mama_wa_fuoni (wiki tatu baadae)

Nimerudi na habari. Nilianza na uji wa ulezi na choroko, siku ya kwanza kautema, ya pili kautema, ya tatu kanitemea mie. Nikasema isiwe tabu nikapika mseto na kibua kama alivoeleza dada wa Konde, kala vijiko vinne akalia nilipoondoa sahani. Uji ameanza kuukubali wiki hii baada ya kuutilia ndizi ya kuponda, kwa hivo mpango sasa ni mseto asubuhi kabla sijatoka na usiku, uji mchana unapikwa papo hapo kwa vikopo vya mwalimu. Kopo la dukani tumenunua moja tu ambalo halina sukari, limekaa kwa safari, baba yake karidhika.

Mkwe wangu ndo kashinda vita na anajua kashinda. Anapepeta choroko yeye mwenyewe barazani na kila anaepita anaambiwa "mjukuu wangu hali vya makopo". Tumegombana kwenye chumvi tu, anasema chakula kisicho chumvi ni cha wagonjwa, basi napakua mwanzo kabla hajafika jikoni.

Kitu kimoja, choo kimekuwa kigumu, anajikamua mpaka anakuwa mwekundu. Siku ya pili hii.

mpemba_wa_konde

Papai lilowiva, vijiko vitatu vinne asubuhi, na maji yalochemshwa yakapoa umpe kwa kikombe mafunda mawili matatu baada ya kula. Ndizi punguza kwanza, hasa ambazo hazijawiva vizuri. Ziwa usipunguze.

nesi_wa_zamani

Naafiki. Akipitisha siku nne au tumbo likavimba au ukaona damu, usikae nyumbani, mlete kliniki.

mama_wa_fuoni

Papai limefanya kazi jana magharibi alhamdulillah, tumebadilisha nepi tatu. Dada wa Konde, mkwe wangu nimemsomea ulivoandika, anauliza wewe ni wa ukoo gani maana na yeye mama yake wa Micheweni.