Mkandarasi wa kuzoa taka alipwe kwa utaratibu gani?

Mwanafunzi wa Mipango Miji:
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Inadaiwa kwamba kampuni binafsi huzoa taka ngumu kwa gharama nafuu kuliko manispaa, lakini sijaelewa ni malipo ya namna gani yanayoifanya iwajibike: kulipwa na manispaa kwa kila tani inayofikishwa dampo, au kuachiwa ikusanye ada yenyewe kwa wakazi?

Karani wa Zabuni:
Ndugu, kila utaratibu una mwanya wake. Anayelipwa kwa tani hupenda mzigo mzito, hivyo vifusi, mchanga na hata taka zilizomwagiwa maji hupandishwa mizani kwa jina la taka za majumbani. Dawa yake ni mizani kusimamiwa na mtumishi wa manispaa, gari lipimwe likiingia na likitoka, na stakabadhi zilinganishwe na ratiba ya mitaa. Anayeachiwa ada naye hufuata penye fedha: mitaa ya wenye uwezo huzolewa bila kukosa, ilhali katika makazi duni, ambako lori halipiti na ada huchelewa, taka huishia mitaroni. Binafsi ningechagua malipo ya manispaa, mradi ilipe kwa wakati, jambo ambalo, tuseme ukweli, ni nadra. Na mkandarasi anayedai miezi kadhaa hukosa hata dizeli.

Mdau wa Urejelezaji:
Nakubaliana na Karani, ila waokota taka wamesahaulika. Cairo ilipoingia mikataba ya miaka 15 na kampuni za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zabbaleen, waliokuwa wakizifuata taka mlangoni na kurejeleza sehemu kubwa ya walichokusanya, waliwekwa kando. Kampuni ziliweka makontena barabarani, na wakazi wakalalamikia kutozwa ada kupitia bili ya umeme huku wakibeba taka wenyewe.

Mwanafunzi wa Mipango Miji:
Nashukuru. Na muda wa mkataba je?

Karani wa Zabuni:
Usipungue muda unaohitajika kurudisha gharama za magari. Mkataba wa mwaka mmoja humvutia mwenye lori bovu la kukodi, kwa sababu hakuna benki itakayomkopesha mtu kwa kazi ya miezi 12. Vilevile mji ugawanywe katika kanda, na manispaa ibaki na kanda moja ya kuzoa yenyewe, ili ijue gharama halisi kabla ya kufungua zabuni inayofuata.