Mrejesho: fonti ya mviringo kwenye lebo ya asali, Tabora

Niliuliza kama Fredoka, ile fonti nene yenye ncha za mviringo, inafaa kwa lebo ya chupa ya nusu lita. Inafaa sana, ila kwa jina la bidhaa tu. Neno "asali" kwa pointi 36, herufi ndogo zote, linapendeza na linasomeka toka mbali. Fredoka ikishuka chini ya pointi 10, matundu ya a na e huzibwa na wino, hasa kwenye karatasi isiyong'aa, maana hunyonya. Ujazo na tarehe ya kuisha viandikwe kwa Nunito ya kawaida, fonti nyingine isiyo nene, pointi 8. Fredoka ni bure hata kwa biashara. Kabla ya kupeleka faili steshenari, geuza herufi ziwe michoro, maana kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine.