Mrejesho: Red Hat ya kulipia au AlmaLinux?

Wakuu, niliuliza kama ofisi ilipie Red Hat Enterprise Linux (mfumo endeshi wa seva wa kampuni ya Red Hat) baada ya CentOS 7, mfumo wa bure unaofanana nao, kufika ukomo wa masasisho Juni 2024. Tumelipia, ila kwa seva za hifadhidata tu. Kilichotushawishi ni miaka 10 ya matengenezo kwa kila toleo kuu: marekebisho ya usalama yanaingizwa kwenye matoleo yaleyale ya programu, kwa hiyo mfumo wa wahasibu hauvurugiki kila tukisasisha. Hilo peke yake limeniridhisha sana. Ubaya ni ada ya kila mwaka. Usajili ukiisha, masasisho nayo yanakoma. Seva za tovuti tumeweka AlmaLinux, mfumo wa bure unaoendana na Red Hat. Anayejifunza atumie usajili wa bure wa Red Hat kwa wasanidi (watengeneza programu), unaruhusu hadi mashine 16. Asanteni, hasa aliyesisitiza tujaribu bekapu kwanza.