Chumba cha sinema nyumbani Mbeya: projekta, TV inchi 75, au hela iende kwenye dari kwanza?

Mwana_Isyesye
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Namalizia kibanda changu huku Isyesye, na kuna chumba kimoja mama watoto kaniachia nikifanye nitakavyo, baada ya vikao vingi. Urefu mita 4.2, upana 3.6. Bati geji 30, dari bado, plasta imepigwa ukuta mmoja tu. Nataka watu watano sita tuangalie muvi na mpira bila kubanana. Mfuko ni milioni nne na hauvutiki.

Nimebaki na njia tatu. Projekta yenye skrini inchi 100 na saundbar, ile spika moja ndefu ya kulaza chini ya skrini. Au TV inchi 65 na resiva, yaani mashine ya kuendesha spika tano na subufa ya besi. Au TV inchi 75, saundbar ya kawaida, na kinachobaki kiende kwenye dari, pazia na zulia. Moyo uko kwenye projekta. Fundi anarudi Jumatatu.

Kijana_wa_Kimara
Projekta mkuu, unauliza nini tena? Ila tenga hela ya AC, chumba cha kufunga madirisha mtaiva humo.

Mama_Nzovwe
AC Mbeya! Njoo mwezi wa saba mwanangu, na jaketi mbili.

Mwalimu_Kihesa
Kamwene wote. Kabla ya mapenzi, hesabu. Ukipanga sofa karibu na ukuta wa nyuma, macho yako yatakuwa mita 3.2 hivi kutoka kwenye skrini. Kipimo kinachotumika sana ni kuzidisha ulalo wa skrini, yaani kona hadi kona, kwa 1.2 hadi 1.6. Inchi 65 ni sentimita 165, kwa hiyo unatakiwa ukae kati ya mita 2 na 2.6. Wewe uko mbali, utaona TV ya sebuleni tu. Inchi 75 ni sentimita 190, inakupa mita 2.3 hadi 3. Ukisogeza sofa mbele kidogo umefika. Inchi 100 inataka mita 3 hadi 4, na hapo ulipo umeingia vizuri.

Kwa hiyo kwa ukubwa wa picha projekta imeshinda. Kwa mengine sisemi.

FundiSauti_Mafiati
Mwalimu kamaliza la macho, mimi niseme la mashine. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na projekta inapozwa na hewa hiyohiyo. Fungua kitabu chake, nyingi zina mpangilio wa sehemu za mwinuko, wa kuwashwa kuanzia mita 1,500 hivi. Ukiuwasha, feni inakimbia na kelele inapanda. Usipouwasha, mashine inapata joto kupita kiasi, na kuna siku itajizima yenyewe dakika ya 89. Nimeitwa kwenye nyumba mbili kwa tatizo hili. Zote walikuwa wameninginiza projekta darini juu ya vichwa vyao, kwa hiyo muvi ikinyamaza unasikia feni tu. Ndugu wa Iringa na Njombe, hili linawahusu pia.

Halafu mpira mnauangalia mchana. Projekta ya bei ya mfuko wako kwenye mwanga wa saa tisa alasiri inatoa picha kama chai iliyozidishwa maji.

Mwana_Isyesye
Fundi umenivunja moyo. Basi inchi 65 na spika tano? Sauti naipenda kuliko picha, nisiwafiche.

FundiSauti_Mafiati
Spika tano ni tamu, sibishi. Lakini zile mbili za nyuma zinatakiwa zikae ubavuni, nyuma ya masikio kidogo, usawa wa juu ya kichwa cha aliyekaa. Na sofa isigande ukutani, iachie angalau nusu mita. Kwenye upana wa mita 3.6 na watu sita, wa pembeni atakuwa na spika inamfokea sikioni filamu nzima. Ukiwa na watu watatu ningekuambia chukua.

Chochote utakachochagua, pitisha mabomba ya waya sasa kabla hujapiga plasta kuta zilizobaki. Bomba la nusu inchi halipitishi kichwa cha HDMI, ule waya wa picha na sauti. Weka la inchi moja na nusu, uache na kamba ndani ya kuvutia waya. Na TV usiitundike juu kama picha ya harusi. Katikati yake iwe usawa wa macho ukiwa umekaa, mita moja na kidogo kutoka sakafuni.

Kandoto_Tukuyu
Mnabishana picha, bati mmelisahau. Nawasimulia ya kwangu.

Mimi nilianza na spika. Kubwa, nzuri, majirani walikuja kuziona. Dari sikuweka, nikasema nitaweka mwakani. Novemba mvua ikaanza. Aliyelala Tukuyu anajua, huku mvua haipigi hodi, inahamia. Bati jembamba likipigwa linatetemeka lote kama ngozi ya ngoma, na chumba kilicho chini yake ndicho tumbo la ngoma. Nikaongeza sauti. Mvua ikaongeza. Mpaka Aprili nilikuwa naangalia muvi kwa kusoma maandishi ya chini, na mwenye macho mabovu tunamsimulia.

Nilichofanya baadaye: jipsamu tabaka mbili badala ya moja, viungio vya tabaka la pili visiangukie vya la kwanza, juu yake nikalaza pamba ya nyuzi za kioo, ile inayouzwa kwa mikunjo. Mbao za dari fundi alizifunga kutoka ukuta hadi ukuta zisiguse za paa, maana zikigusa mtetemo unashuka nazo. Kingo zote zikazibwa. Mvua bado naisikia, lakini kama iko kwa jirani. Na baridi ikapungua, hilo sikulitegemea.

Kijana_wa_Kimara
Si angebandika trei za mayai tu kama studio za mtaani?

FundiSauti_Mafiati
Trei hazizuii sauti kupita, zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba kidogo, na ukipata cheche ukuta mzima unawaka. Sponji la godoro baya zaidi, moshi wake ni sumu. Mwangwi unatibiwa na zulia nene, pazia zito ukuta mzima, kabati la vitabu nyuma. Simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja, ukisikia kama linarudi likilia, bado.

Mama_Nzovwe
Wanangu, hapo kwenye kuziba nina neno, na silisemi kwa utani. Umeziba dari, umeziba mlango, pazia zito. Juni ikifika mtu atasema lete jiko la mkaa tupate joto, maana ndivyo tulivyozoea. Chumba cha namna hiyo na mkaa ni kaburi. Hewa ya mkaa haina harufu, mtasinzia mkidhani ni muvi imewachosha. Acha tundu la hewa chini karibu na mlango na lingine juu upande wa pili, na jiko lisivuke kizingiti. Nunua mablanketi.

Mwana_Isyesye
Shikamoo mama, nimesikia. Hita ya umeme je?

Mwalimu_Kihesa
Ya wati 2,000 kwa saa mbili ni uniti nne. TV yenye wati 150 kwa muda huohuo ni uniti 0.3. Mama kasema vizuri, mablanketi.

Kandoto_Tukuyu
Na usisahau stabilaiza. Radi ikianza kunguruma, chomoa plagi na waya wa dishi, hata kama ni fainali.

Mwana_Isyesye
Mrejesho wakuu. Jumatatu fundi alikuja, nikamwambia tunaanza na dari. Alicheka, akasema tabaka mbili za jipsamu ni za mahotelini. Mbao nimeagiza Mafinga. TV ni inchi 75, sofa itasogea mbele. Spika za nyuma sijaziacha moyoni, kwa hiyo mabomba yake nimeyaweka ukutani, yanasubiri.

Jana nimesimama mle ndani nikapiga kofi. Linalia vibaya mno. Kesho naenda Mwanjelwa kutafuta zulia.